Visu vinaliwa na nini? Shajara ya mashine zetu za nyasi, South C na Lavington

Januari, wiki ya mwisho

Nimefungua daftari hili kwa sababu ya hesabu za mwaka jana. Petroli haikutuumiza sana, wala oili, wala pikapu ya kubebea mashine. Kilichokula faida ni visu. Kwenye ploti za Lavington na Kileleshwa, hapa Nairobi tunakokata nyasi, kisu kimoja kinavuka msimu mzima wa mvua na bado kinanoleka. South C na upande wa Lang'ata, kisu cha aina ileile, kutoka duka lilelile, kinaisha upesi hadi mteja anafikiri namdanganya nikimweleza kwa nini bei imepanda. Na sisemi kimekuwa butu. Ubutu si shida, tupa ipo. Nasema kimeisha: kimekonda, ncha zimeviringika, bawa la nyuma linapinda kwa kidole gumba.

Kwa asiyezijua mashine hizi: zangu ni za kusukuma, za petroli, upana wa kukata ni sentimita 53. Kisu chake ni kipande kimoja kirefu cha chuma kinachozunguka kikiwa kimelala, kimefungwa bolti katikati. Makali ni sehemu fupi tu kila upande, karibu na ncha. Nyuma ya makali chuma kimekunjwa kuelekea juu, na hilo ndilo bawa. Kazi yake ni kuvuta hewa kutoka chini ili majani yasimame kabla ya kukatwa, kisha yasukumwe hadi kwenye mfuko. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha ya kisu cha upana huo inakwenda mita 83 hivi kwa sekunde, karibu kilomita 300 kwa saa. Naiandika hesabu hiyo mapema kwa sababu nitairudia.

Maelezo ninayopewa ni matatu. Kijana wangu wa mashine ya pili anasema visu ni feki. Fundi anayetunolea anasema chuma ni laini, nimpelekee springi ya lori anichongee vingine. Mtunza bustani mmoja wa South C anaapa kwamba ni nyasi zenyewe, za siku hizi ni ngumu. Nitaanza na feki, maana hiyo ndiyo rahisi kuipima.

Februari mwanzoni

Tumenunua visu viwili vya kampuni iliyounda mashine yenyewe, pakiti zimefungwa, namba zinalingana na za kitabu. Nimevigonga alama kwa senta panchi: nukta moja ni cha Lavington, nukta mbili cha South C, na hakuna kuvibadilishana. Vyote vimepimwa uzito kwa mizani ya jikoni (mwenye jikoni ameruhusu kwa sharti kwamba mizani irudi bila harufu ya oili) na vimechorwa kwenye kadibodi ili nione umbo linapotea wapi. Vitanolewa na mkono mmoja, kwa tupa moja.

Kama shida ni feki, vitaliwa sawasawa.

Februari katikati

Havikuliwa sawasawa hata kidogo.

Nimeviweka mezani vikiwa sambamba, na hapa sina haraka, kwa sababu kisu kilichochakaa kina habari nyingi kuliko muuzaji wake.

Cha nukta moja, Lavington: makali yamelala, ukipitisha ukucha unateleza badala ya kukwama. Kuna mapengo mawili madogo, pengine jiwe, pengine mzizi wa ule mjakaranda ulio karibu na geti. Bawa ni zima. Hata rangi ya kiwandani bado imeshika kwenye mkunjo. Uzito umepungua kidogo mno, na sehemu kubwa ya huo upungufu ni kazi ya tupa yetu wenyewe.

Cha nukta mbili, South C: makali hayana pengo hata moja. Hilo sikulitarajia, maana mwenye ploti amekuwa akiniambia kwamba mawe ndiyo yanayotumaliza. Badala yake kona za mbele zimepotea kabisa ukilinganisha na mchoro wa kadibodi. Upande wa chini unang'aa, rangi yote imeondoka, na mikwaruzo yake ni myembamba, yote ikitoka mbele kwenda nyuma. Pale bawa linapoanza kuinuka kuna mfereji uliochimbika, na unene wa chuma mahali hapo umebaki kama nusu. Kitabu cha mashine kina picha ya mfereji huohuo. Maelezo yake ni mafupi: kisu cha namna hii hakinolewi, kinabadilishwa, kwa sababu chuma kikitoboka hapo bawa hukatika na kuruka kwa mwendo ule niliouandika juu.

Kisu kinachogonga vitu vikubwa hupata mapengo. Kisu kinachosuguliwa na vitu vidogo visivyohesabika hukonda na kung'aa. Cha South C kinapigwa msasa. Tena kinapigwa pale pale hewa inapokwenda kwa nguvu na kugeuka juu, yaani chini ya ncha na kwenye mkunjo wa bawa. Kwa hiyo kinachokisugua hakikai ardhini kikingoja kukanyagwa. Kinapanda na hewa, na anayekipandisha ni kisu chenyewe.

Wiki hiyohiyo

Jaribio la chupa. Nimechukua udongo wa juu, kina cha kidole, kutoka ploti zote mbili. Kila mmoja umeingia kwenye chupa ya jamu, maji hadi karibu ijae, tone la sabuni ya vyombo, kisha kutikisa hadi mkono uchoke. Mchanga huzama ndani ya dakika moja hivi, vumbi laini huchukua saa kadhaa, mfinyanzi hubaki umeelea hata siku ya pili. Lavington, udongo mwekundu: baada ya dakika moja chini kuna utando mwembamba tu, juu yote ni maji ya rangi ya chai ya maziwa. South C nilitarajia mfinyanzi mtupu, kwa sababu kule ni udongo mweusi, ule unaonata viatuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likikaza. Lakini kabla sijaweka chupa mezani vizuri, chini palikuwa na tabaka nene la punje nyeupe na za kahawia.

Mchanga huo si wa hapo. Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkano, na fonolaiti, ile miamba ya kijivu inayochimbwa kwa kokoto, haina kabisa kwatzi, yale madini magumu ya mchanga. Udongo uliozaliwa na mawe ya aina hii unaweza kukuchafulia nguo mwaka mzima bila kukukwaruza chuma sana. Mchanga wa kujengea ni mwingine. Mwingi huja kwa malori kutoka mito ya Machakos, Makueni na Kajiado, ambako miamba ni ya kale zaidi, imejaa kwatzi. Na kwatzi ni 7 kwenye kipimo cha Mohs, cha ugumu wa madini. Kioo ni 5 na nusu hivi, chuma cha kisu hakifiki 7.

Nimechukua punje chache kutoka chini ya kila chupa, nikazikausha, nikazisugua katikati ya vipande viwili vya kioo cha dirisha. Za Lavington zilipondeka na kuacha doa jekundu. Za South C zililia, na kioo kikabaki na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha.

Nikamwendea keateka wa ploti.

"Boss, huu mchanga kwenye nyasi ulitoka wapi?"

"Si ni ule wa kujenga? Ulibaki walipomaliza ukuta. Landlodi akasema usikae bure."

"Mkaumwaga hapa?"

"Kila kiangazi. Ardhi ikipasuka nyasi zinakuwa mabonde na milima, watoto wanaanguka. Tunamwaga, tunavuta na reki, basi."

Simlaumu. Kujaza nyufa kwa mchanga ni kazi ya maana, hata viwanja vya gofu huwekewa mchanga juu ya nyasi. Tofauti iko kwenye lile neno lake "basi". Mchanga ukimwagwa, unapaswa kufagiliwa uingie chini kwenye mashina, umwagiliwe maji, uachwe utulie hadi nyasi ziupite. Huu uliachwa juu, nasi tukaja na mashine inayovuta hewa kutoka chini.

Machi mwanzoni, Kariobangi

Pamoja na hayo nimekwenda kwa fundi wa springi kule Light Industries, kwa sababu swali la chuma halijajibiwa. Huenda kisu kigumu zaidi kingevumilia hata mchanga.

Mzee ana rundo la majani ya springi za malori, tanuru la makaa linalopulizwa na feni ya umeme, na tupa ya zamani anayoitumia kupima kila kitu. Nilimweleza shida.

"Kijana, hii springi haimalizwi na nyasi."

"Mzee, si nyasi. Ni mchanga."

"Basi nitaikausha kwa maji, iwe ngumu kuliko huo mchanga wako."

Nilimwomba anionyeshe kwa kipande cha kutupwa. Akakitia moto hadi kikawa chekundu cha kung'aa, akakizamisha kwenye ndoo. Tupa iliteleza juu yake kama inapita kwenye kioo. Akafurahi. Nikamwomba akibane kwenye vaisi na kukigonga nyundo. Kikavunjika pigo la kwanza, ndani kikiwa na punjepunje za kijivu. Mzee alikitazama, akacheka, akasema, "Sasa nimekuelewa. Hiyo ikikutana na jiwe, itatafuta mguu."

Ndiyo shida yenyewe. Visu vya mashine hizi hutengenezwa na ugumu wa wastani kwa makusudi, mara nyingi 40 na kitu kwenye kipimo cha Rockwell C, ili vikigonga bomba la maji vipinde badala ya kupasuka. Kwa kipimo cha Vickers hiyo ni kama 400 hadi 470. Kwatzi hupita 1,000. Hata nikimsukuma mzee aongeze ugumu hadi mahali ambapo bado ni salama, mchanga utabaki na ugumu wa mara mbili ya chuma, na chuma hakianzi kupumua hadi kikaribie ugumu wa kitu kinachokikwaruza. Yaani nitanunua hatari nyingi kwa nafuu ndogo. Springi ya lori ni chuma kizuri, lakini hakitofautiani na kisu cha kiwandani kiasi cha kubadilisha hadithi.

Alinipa pia wazo la kuchomelea rodi ngumu kwenye ncha. Nililikataa hapohapo. Vitabu vya mashine hukataza kuchomelea kisu au kukinyoosha kikipinda, na pale ambapo moto wa weldingi unaishia ndipo ufa unapoanzia. Kuna kazi za jua kali ninazozipenda sana, lakini si kwenye kitu kinachozunguka mara 50 kwa sekunde karibu na vidole vya mtu wangu.

Tulimalizia kwa chai. Amenitengenezea kibanio cha kunolea, kipande cha chuma cha pembe kilichokatwa kwa mshazari wa nyuzi 30, na hicho nimekilipia kwa furaha.

Machi, wiki inayofuata

Kama chuma hakibadiliki na mchanga hautaondoka leo, kinachobaki ni hewa. Kuna visu vyenye bawa refu lililosimama, vinavyovuta kwa nguvu na kujaza mfuko vizuri. Na kuna vyenye bawa fupi, karibu vilale bapa, ambavyo nchi zenye viwanja vya mchanga huvitumia kwa sababu hiihii. Huku watu huvinunua bila kujua tofauti, wanachoangalia ni tundu la katikati na urefu.

Kuvipata vya bawa fupi kumenipeleka Kirinyaga Road, duka hadi duka. Muuzaji mmoja aliniambia hivyo ni vibovu, havivuti. Nikamwambia ndivyo ninavyovitaka. Alinitazama kama mtu anayenunua tairi zilizoisha.

Kisu cha bawa fupi kimefungwa South C. Tofauti ya kwanza ilionekana kabla hata ya kupima chochote: wingu la vumbi. Zamani kijana wangu alimaliza mstari mmoja akiwa na kope za kahawia. Sasa vumbi linabaki chini ya magoti. Tofauti ya pili ni sauti ya injini, imepumua. Tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake huku kwetu ikilinganishwa na Mombasa. Bawa refu hula nguvu hata pasipo na nyasi za kukata, ni feni. Kulipunguza ni kuirudishia mashine kitu ilichokuwa imenyimwa na mlima.

Ubaya wake nao upo. Mfuko haujai vizuri, majani mengine yanabaki nyuma na inabidi kupita na reki. Kwa nyasi za kiangazi, ambazo ni chache na nyepesi, nakubali.

Mashine ya pili ina mkono wa akselereta, ya kwanza haina. Kwa hiyo ya pili ndiyo itakayokwenda South C, na itazungushwa polepole kidogo kiangazi hiki. Uharibifu wa punje kwenye chuma hauendi sambamba na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, kulika huongezeka mara nne na hata zaidi. Kupunguza mzunguko kidogo ni kuokoa zaidi ya kidogo. Nyasi zikianza kuchanika badala ya kukatika, tumepunguza mno. Ncha za majani zitakuambia kesho yake, zinageuka nyeupe.

Machi mwishoni

Mazungumzo magumu kuliko yote hayakuwa na fundi wala muuzaji. Yalikuwa na mwenye ploti, kuhusu urefu.

Nyasi nyingi tunazokata ni za Kikuyu, zilizotoka huku huku nyanda za juu za Afrika Mashariki zikaenda hadi Australia na Afrika Kusini, ambako wengine huzipenda na wengine huzilaani. Zinatambaa. Ukizikata hadi chini unabaki na vikonyo vya kahawia na udongo wazi, na udongo wazi ndio unaopanda na hewa. Ukiacha sentimita 5, majani yanaufunika mchanga na kisu kinapita mbali nao. Hilo ni rahisi kulieleza. Shida ni kwamba mteja anayelipa kwa kila mkato anataka mkato ukae.

"Mama, naomba tuziache juu kidogo msimu huu."

"Juu? Halafu urudi wiki ijayo nikulipe tena?"

"Hapana, Mama. Tukizinyoa zinachomwa na jua, halafu vumbi lote linaingia sebuleni kwako."

Akanyamaza, akatazama kapeti ya mlangoni. "Vumbi hilo ni lenu?"

"Sehemu yake, ndiyo."

Amekubali kwa sharti kwamba nisipandishe bei. Nimekubali kwa sharti kwamba keateka atamwagilia jioni ya kuamkia siku yetu, maji ya kisima yakiwepo. Tunaanza kukata umande ukishakauka kwenye majani lakini udongo bado una unyevu chini, yaani kati ya saa tatu na saa tano asubuhi hivi. Mchanga wenye unyevu ni mzito na hushikana, hauruki. Nyasi zenye unyevu ni hadithi nyingine, zinagandamana chini ya deki, ile kofia inayofunika kisu, hadi injini inazimika. Nafasi kati ya hizo mbili ni nyembamba, na siku ya mawingu inasogea.

Aprili

Mvua. Mchanga umetulia wenyewe, hakuna wa kuuinua. Kisu cha nukta mbili tulikuwa tumeshakistaafisha, kinaning'inia kwenye banda kama ushahidi.

Bawa fupi halifai kwa msimu huu. Nyasi za Kikuyu zikinyeshewa hulala, na bila mvuto haziinuki, mashine inapita juu yake ikiziacha zimelala. Lavington, tulikolijaribu pia, ndiko kumeonyesha hili waziwazi, mteja alipiga simu akidhani hatujafika. Tumerudisha mabawa marefu kila mahali hadi mvua ziishe. Kwa hiyo si kisu kimoja kwa mwaka mzima, ni seti mbili, na kubadilisha kunafuata anga.

Kuhusu nyasi ngumu za yule mtunza bustani: hajakosea kabisa. Nyasi huvuta silika kutoka udongoni na kuiweka ndani ya majani kama punje ndogo ndogo, asilimia chache ya uzito mkavu, na hizo husaidia kulaza makali. Lakini ni laini kuliko kwatzi, na kisu cha Lavington kimekata nyasi za Kikuyu tupu bila bawa lake kuguswa. Nyasi huondoa ukali. Hazichimbi mfereji.

Mei

Mambo ya kunoa, kwa sababu kijana mpya amejiunga nasi na nimechoka kurudia.

Kwanza waya wa plagi unatoka. Kabla ya spana, kabla ya kuinamisha, kabla ya kuuliza swali. Mashine inainamishwa upande ambao kabureta na kichungi cha hewa vinabaki juu, la sivyo oili inaingia kwenye kichungi na utashinda unaipiga kamba bure.

Tunanoa upande wa juu pekee, kwa kufuata kibanio cha mzee. Upande wa chini tunaondoa tu chuma kilichokunjika kutokana na tupa. Na hatutafuti makali ya wembe. Ukingo mwembamba kabisa unapotea kwenye mita za mwanzo za mchanga, kwa hiyo tunaacha ubapa mdogo, kama nusu milimita.

Grinda ni kwa mapengo makubwa pekee. Watu husema kisu kikigeuka buluu kwenye grinda kimekufa. Buluu ni kama nyuzi 300 za Selsiasi, na chuma cha aina ya springi kwa kawaida kimesharudishiwa moto mkubwa kuliko huo kiwandani, kwa hiyo mstari mwembamba wa buluu haukiui. Kinachokiua ni kuendelea kubana hadi chuma kiwe chekundu, kisha kukichovya majini. Hapo umefanya kile mzee alichonifanyia kwa kipande cha kutupwa, safari hii kwenye kisu utakachokifunga. Kwa usalama wa wote: gusa kwa kifupi, ondoa, ndoo iwe karibu tangu mwanzo, na kama kimekuwa moto usioweza kushikika, umekawia.

Mwisho, msumari ukutani. Kisu kinaning'inizwa kwa tundu la katikati kikiwa kimelala, upande unaoshuka ni mzito, unapunguzwa kwenye makali, kamwe si kwenye bawa. Kisu kisicho na mizani hutikisa mashine nzima na kumaliza beringi za injini, na hizo ni ghali kuliko visu vyote vya mwaka.

Bolti inakazwa kama kitabu kinavyoagiza. Washa, kile kipete cha chini ya bolti, ikilegea imekufa, inabadilishwa.

Juni

Kiangazi cha baridi kimeanza, ule ukungu wa asubuhi wa Nairobi usiokauka hadi saa nne. Mabawa mafupi yamerudi South C. Kisu nilichofunga huko Machi, ukiondoa wakati wa mvua kilipopumzika, kiko mbele yangu sasa: kona zimeviringika kidogo, upande wa chini umeanza kung'aa, mfereji haujaanza. Mwenzake mwenye bawa refu, kwa kazi kama hiyo, alikuwa ameshatupwa. Sijui nimpe nani sifa, bawa, urefu, unyevu au akselereta, kwa sababu nilivibadilisha karibu pamoja. Nikitaka kujua nitalazimika kurudisha kimoja kimoja na kuharibu visu kwa makusudi, na hilo mteja halilipii. Nikilazimishwa kuchagua, nitasema bawa, kwa ajili ya lile wingu la vumbi.

Lang'ata bado ni kitendawili. Ile ploti haina mchanga wa kujengea, nimechimba na kutikisa chupa, lakini iko kando ya barabara ya marami na kila gari linalopita linaweka tabaka jipya juu ya majani. Punje zake zinakwaruza kioo, si kwa ukali wa mchanga wa mto. Nimependekeza ua wa kayaba upande wa barabara. Mwenye ploti ameuliza utachukua muda gani kukua.

Na landlodi wa South C ameagiza lori jingine, nyufa zimerudi. Tumekubaliana na keateka kwamba safari hii atachuja mboji pamoja na udongo, mchanga uwe sehemu ndogo, wote ufagiliwe chini na kumwagiliwa, nasi tutakaa mbali na ploti hiyo hadi majani yaupite. Atanipigia lori likifika getini, kabla halijamwaga. Visu viwili vya bawa fupi vimeagizwa Kirinyaga Road, kwa muuzaji yuleyule, ambaye sasa anavihifadhi chini ya kaunta na kuniuliza kama kuna wengine wanaovitaka.